Mang Uhe na Bunduki ya Mama Mkwe

Kabla hajajulikana kwa bunduki, Uhe Suhendi alikuwa fundi wa pampu za baiskeli. Alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara ya Sumedang, jirani na wakaanga tofu, ile jibini ya soya, na mtu akimletea pampu inayokohoa au jiko la pampu lililogoma kuwaka, alilifungua, akatoa kile kipande cha ngozi cha ndani, akakinusa kama mpishi anavyonusa samaki wa jana, kisha akasema, "Hii imekufa kwa kiu." Alikipaka mafuta ya nazi, akakirudisha mahali pake, na kazi ikawa imekwisha.

Mke alimpata hapo hapo. Tarsih alikuwa msichana kutoka pwani ya kusini, amekuja kufanya kazi kwenye jiko la tofu, na jiko lake likawa halipitishi wiki bila kuharibika. Uhe alilitengeneza mara kumi na moja. Walipokwisha kuoana Tarsih akakiri kwamba ile ngozi alikuwa akiilegeza mwenyewe kwa kisu.

"Ningefanyaje?" alituambia sisi majirani. "Mwanamume haongei! Anaongea na pampu tu."

Mimi naitwa Darja, na nachonga vitako vya bunduki za upepo. Hapa kijijini Babakan Jambe kila nyumba ina kipande chake cha bunduki. Wapo wanaotoboa mitutu, wapo wa vifyatulio, wapo wa kung'arisha shaba, na mimi ni wa mbao. Aliyemwingiza Uhe katika kazi hii ni Mang Jumsa, yaani Mjomba Jumsa, mzee wetu wa mitutu, mtu mwenye mabega kama mlango wa ghala. Siku moja alisimama mbele ya kile kibanda cha mabati akamwambia, "Uhe, acha kupoteza umri wako na baiskeli. Bunduki yetu ni nini? Ni pampu iliyooa mtutu. Njoo."

Uhe akaja. Alileta jiliwa lake, tupa nne na kopo la mafuta ya nazi, akafungua karakana kwenye baraza ya nyumba yake, mkabala na yangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwona kila siku, na ndiyo maana nayajua haya.

Alikuwa mwembamba kupita kiasi. Mikono yake ilikuwa kama mabua ya mahindi, na upepo ukivuma Tarsih alikuwa akimwambia ashike nguzo. Labda ndiyo sababu alipenda nguvu. Bunduki zetu za kawaida unazipampu mara nane, mara kumi, zinaua panya wa mpunga, basi. Uhe alitaka itakayopampiwa mara ishirini na tano. Alitafuta bomba la shaba nene, akalikereza, akatengeneza valvu yenye springi kali ya kunguruma, na mkono wa pampu mrefu kama mchi. Kazi hiyo ilimchukua miezi minne. Alikuwa akila nayo mapajani, na akilala anailaza kando ya mto wake. Tarsih akaipa jina.

"Darja," aliniita siku moja kutoka ng'ambo, "njoo umwone Mke Mwenza. Leo kapakwa mafuta kabla yangu."

Jina likashika. Kijiji kizima kikawa kinauliza, "Mke Mwenza hajambo?" na Uhe anajibu kwa heshima zote, "Hajambo, bado valvu kidogo."

Ilipofika Agosti kumi na saba, sikukuu ya uhuru, kamati ya kijiji iliandaa shindano la shabaha kwenye shamba kavu nyuma ya ofisi, mbele ya tuta kubwa la udongo. Ubao wa mti wa fenesi ulisimamishwa, ukatobolewa tundu dogo katikati, na nyuma ya tundu ikatundikwa sufuria, ili risasi ikipenya ilie *ting* na mwamuzi asikie. Sufuria hiyo aliitoa Uhe. Ilikuwa ndiyo sufuria kubwa ya Tarsih ya kupikia wali, aliyopewa na mama yake siku ya harusi, na Uhe aliichukua jikoni bila kumwambia mtu.

Wenzetu walipiga kwa bunduki zao. Ting. Ting. Wengine walikosa tundu na risasi ikabaki imebanwa kwenye mbao. Kisha Uhe akamleta Mke Mwenza, amebebwa na watu wawili kwa utani kama bibi harusi.

Tatizo likawa kuipampu. Uhe mwenyewe alifika mara sita, akawa mwekundu kama pilipili. Kijana wa posta alifika mara kumi na moja akadai mgongo umelia. Polisi wa kata, aliyevua kofia kwanza ili watu waone kwamba sasa mambo ni mazito, aliishia kumi na nne. Ndipo Mang Jumsa alipokunja mikono ya shati, akakanyaga kitako nilichokichonga mimi kwa wiki mbili, akaanza. Watu wakawa wanahesabu kwa sauti. Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na mbili, na hapo mkono wa pampu haukushuka tena hata alipoulalia.

"Inatosha!" alihema. "Pigeni, kabla sijazaa."

Uhe alilala chini, akalenga, akafyatua. Mlio ulikuwa kama mtu aliyevunja ubao juu ya goti lake. Hakukuwa na ting. Mwamuzi alikwenda kuangalia, akakaa huko muda, kisha akarudi ameinua sufuria juu ya kichwa chake, na sote tukaona mawingu kupitia matundu mawili, la kuingilia na la kutokea. Ubao nao ulikuwa umetoboka, na si penye tundu.

Watu walipiga kelele za furaha. Uhe alirushwa juu. Alipokuwa bado angani, nilimwona Tarsih anapita katikati ya umati taratibu, bila haraka yoyote, mpaka kwa mwamuzi. Aliichukua ile sufuria. Akaingiza kidole tundu la kwanza, akakitokeza cha mkono wa pili tundu la pili, akavichezesha mbele ya uso wa mumewe.

"Hongera, Kang," alisema, maana huku mke humwita mumewe kaka. "Leo utamwambia Mke Mwenza akupikie."

Siku tatu Uhe alikula kwangu.

* * *

Wiki mbili baadaye Ambu Rasih akashuka kutoka kwenye lori la nazi. Huyo ndiye mama yake Tarsih, na ambu kwetu ni mama, mjane wa miaka sitini na ushei, mfupi, mwenye meno mekundu ya tambuu na sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Hakuja na mkungu wa ndizi wala sukari ya mnazi kama kawaida yake. Alikuja na gunia, akaliinua kwenye baraza, akalimwaga mbele ya mkwewe. Zilikuwa nazi changa arobaini hivi, na kila moja ilikuwa na tundu la mviringo ubavuni, safi kama limekerezwa, na ndani hamna kitu.

"Jang," alisema, maana ndivyo alivyomwita mkwewe, kama mtu anavyomwita kijana wake, "unajua hii ni kazi ya nani?"

"Kindi, Ambu."

"Kindi. Wanakula wao, nachuma mimi makumbi. Wanakuja na wake zao, na wakwe zao, wananitazama toka juu wananitikisia mikia. Watu wananiuliza, Ambu, si mkweo anatengeneza bunduki? Nawajibu, anatengeneza, ila nasikia anapiga sufuria."

Tarsih alicheka mpaka akaketi chini. Uhe aliinamisha kichwa, akaingia ndani, akatoka na Mke Mwenza, akaiweka miguuni pa mama mkwe wake kwa mikono miwili. Nadhani alikuwa amedhamiria kweli kuitoa. Ilikuwa ndiyo kitu bora alichokuwa nacho.

Ambu Rasih aliishika. Akaupampu mkono mara moja. Mara ya pili alikibana kitako kati ya magoti, akavuta pumzi, akashusha uzito wake wote, na mkono ukashuka nusu kisha ukampandisha tena pamoja naye. Alijaribu mara ya tatu akaiacha. Aliitazama ile bunduki, akamtazama Uhe, halafu akauliza, wala hakuwa na mzaha:

"Hii uliitengeneza kwa ajili ya nani?"

Uhe aliushika mkono wa pampu, akauachia. Nilikuwa pale, niliuona uso wake. Hata wewe mwenyewe ungetafuta jibu usilipate: yeye hawezi kuijaza, mkewe hawezi, wanunuzi wetu wengi ni wakulima waliokwisha kuchoka na jembe. Labda Mang Jumsa, na Mang Jumsa hana minazi.

"Nipe muda, Ambu," alisema mwishoni. "Nitakutengenezea yako."

"Yenye nguvu? Mnazi wangu una urefu wa mita ishirini. Sitaki ya kuwakuna kindi migongo."

"Yenye nguvu."

"Vizuri," alisema Ambu Rasih, akavua viatu. "Nitasubiri hapa hapa."

Uhe alidhani anamaanisha siku mbili.

* * *

Alikaa wiki sita. Nyumba ile ina vyumba viwili, na Ambu alichukua kimoja, kisha akachukua na kile kibao cha karakana ambacho wanunuzi hukalia. Asubuhi alikaa pale anatafuna tambuu na kutoa maoni.

"Jang, tupa hiyo huisukumi, unaibembeleza."

"Ndiyo, Ambu."

"Marehemu mume wangu alikuwa akinoa panga huku anasinzia, na bado lilikuwa likikata kuliko lako."

"Ndiyo, Ambu."

Wazo la kwanza la Uhe lilikuwa kuurefusha mkono wa pampu. Mkono mrefu, kazi nyepesi, hata mtoto anajua. Aliurefusha mpaka ukapita ncha ya mtutu. Nikamchongea kitako cha mkangazi, kizuri, chenye mishipa myekundu, na Tarsih alipoupampu kwa mara ya saba kikapasuka toka kwenye pini ya mkono hadi pale pa kuegemeza shavu. Nikachonga cha pili, kinene zaidi. Kikapasuka. Nilichonga cha tatu kwa mbao za sono, nyeusi, ambazo nilikuwa nimezihifadhi kwa ajili ya kabati la binti yangu, na hicho kilidumu siku nzima kabla hakijalia *krak*. Nilikwenda ng'ambo na vipande mkononi.

"Kang Uhe," nikasema, "sisi ni marafiki?"

"Sana."

"Basi tafuta njia nyingine kabla hatujaacha kuwa."

Njia ya pili ilikuwa kupunguza unene wa pampu. Bunduki ikawa nyepesi kujaza kweli, ila nguvu hakuna. Uhe alikuwa akipima nguvu kwa kupiga risasi kipande cha sabuni ya kufulia, kisha kuingiza kijiti aone risasi imezama kiasi gani. Mke Mwenza ilikuwa inatoboa vipande vitatu vilivyopangwa. Hii mpya haikumaliza hata kimoja. Tarsih alikuwa akizitumia sabuni hizo baadaye, na mashati yetu ya mtaa mzima, maana alikuwa anafulia majirani kadhaa, yalirudi na vijipande vya risasi kwenye kola.

Wiki ya nne Uhe aliweka tupa chini. Alikaa mbele ya jiliwa na pampu tupu, akiufungua na kuufunga mkono, akiufungua na kuufunga, na Tarsih alikuwa amechutama hatua mbili kutoka kwake, anaupa upepo kwa pampu moto wa jiko lake la tofu, ambalo sasa alikaangia hapo barazani. Ilikuwa saa nne asubuhi hivi. Mimi nilikuwa nimeleta kahawa.

"Kang," Tarsih alisema bila kugeuka, "hiyo yako mbona bubu?"

"Bubu vipi?"

"Pampu ya jiko langu nikiisukuma mpaka mwisho inasema *tok*. Sikiliza." Akasukuma. Tok. "Yako haisemi kitu. Inafika mwisho kimya kimya kama mwizi."

Uhe aliacha mkono hewani. Alisukuma tena, ameinamisha sikio. Kimya. Akainuka, akaja akalinyakua jiko mbele ya mkewe, la moto, akaliweka chini haraka akipuliza vidole, akasukuma pampu ya jiko hilo. Tok.

"Haifiki," alisema. "Haifiki mwisho."

Alikimbilia kopo la nta, akakata tonge, akalitumbukiza ndani ya bomba la bunduki, akafunga mkono kwa nguvu, kisha akafungua na kulisukuma tonge nje kwa kijiti. Lilitoka limebanwa, kama chapati ndogo, na unene wake ulikuwa kama sarafu mbili za rupia hamsini zilizopandana. Alilikamata kwa vidole viwili akatuonyesha wote, mmoja mmoja, hata Ambu.

"Mnaiona hii? Hiki ni chumba. Kila ninapopampu, hewa ya chumba hiki haiingii kwenye valvu. Inabaki hapa, imekasirika, inanisukuma mkono unirudi. Napampu mara ishirini, nusu ya jasho langu inalala humu!" Akajipiga paji la uso. "Miaka kumi na sita nimetengeneza pampu za watu. Miaka kumi na sita! Na ya kwangu mwenyewe inavuta sigara katikati ya kazi."

"Nilikwambia unaibembeleza," alisema Ambu Rasih.

Siku tisa zilizofuata nilimwona Uhe ambaye sikuwahi kumwona. Alikuwa anaimba. Alikisaga kichwa cha pistoni kikawa bapa, akaukereza uso wa valvu nao ukawa bapa, akapaka masizi ya taa kwenye kimoja na kukikutanisha na kingine, aone vinagusana wapi, akapitisha tupa pale palipoguswa, akapaka tena. Kwa ngozi hakukubali ya dukani. Alimtuma Tarsih kwa mchinjaji, akailoweka mwenyewe, akainusa, akaikataa, akamtuma tena. Pini ya mkono wa pampu aliisogeza upana wa kidole tu, ili sehemu ngumu ije mkono unapokaribia kufunga, pale mtu anapoweza kutumia kiganja na uzito wa bega badala ya msuli.

Alinipa vipimo vya kitako. Vilikuwa vifupi.

"Hiki ni cha mtoto?" nikauliza.

"Ni cha Ambu. Nimempima mkono alipokuwa anasinzia."

Siku ya majaribio hakumwita mtu, lakini mtaa ulijaa. Ambu Rasih aliketi kwenye kibao chake, akaibana bunduki pajani, akaanza. Moja. Mbili. Kila alipofunga mkono tulisikia *tok*, safi, kama mtu anayebisha hodi. Alipofika mara ya nane alikuwa bado anatafuna tambuu. Mara ya kumi aliegemeza kiganja, akashusha bega, tok.

"Imejaa?" aliuliza. "Nilidhani bado tunasalimiana."

Uhe alipanga sabuni tatu. Alipiga yeye mwenyewe. Kisha akatoa kijiti akakiingiza kwenye sabuni ya kwanza, kikapita, ya pili kikapita, na ya tatu kikazama karibu chote kabla ya kugonga risasi. Mang Jumsa alikichomoa akakiangalia kwa muda mrefu. Kisha akageuka na kumpigia Ambu Rasih saluti.

Lakini watu wa mtaa wetu ni watu wa mtaa wetu. Jioni hiyo hiyo bunduki ilikuwa imeshapewa jina: Bunduki ya Bibi. Kijana wa posta alimwuliza Uhe kama inauzwa pamoja na kanga.

* * *

Tulisafiri na Ambu kusini, mimi na Uhe na Tarsih, kwa lori la nazi. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi wenye minazi wa huko hukutana kusaka kindi, na kiongozi wao alikuwa Haji Sobandi, mwanamume mnene mwenye kofia ya kijani na bunduki ya kigeni aliyoibeba ndani ya mfuko wa velveti. Alipomwona Ambu na kitu chake kifupi mkononi, alikuwa na adabu ya kutocheka. Aliuma mdomo tu.

"Ambu leo unaongoza?"

"Nakufuata, Haji. Nitaokota utakaowakosa."

Sasa, mimi ningependa kukuambia kwamba Ambu alipiga kindi ishirini. Hakupiga hata mmoja. Alijaza bunduki bila shida, tok tok tok, akalenga, akafyatua, na risasi ikaenda mbinguni. Alipiga kuti. Alipiga nazi nzima, nzuri, isiyo na tundu, akaitoboa yeye. Kufikia adhuhuri ilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa yeye kwamba Ambu Rasih haoni vizuri. Uhe alikuwa amepauka. Wiki sita, vitako vitatu, na mama mkwe ana mtoto wa jicho.

"Ambu," Tarsih alimwambia kwa upole, "hebu niambie, kindi yuko wapi sasa?"

"Si yule pale."

"Yule ni Haji Sobandi, Ambu."

Ambu aliishusha bunduki. Alikaa juu ya kumbi akanyamaza kidogo, na ni mara ya pekee niliyopata kumwona amenyamaza. Halafu akageukia banda la kupikia sukari ya mnazi lililokuwa karibu, ambako wanawake watano sita walikuwa wanakoroga makarai, na akapaza sauti yake ile ya ng'ambo ya mto.

"Kanah! We Nyi Kanah! Si una macho wewe? Njoo hapa!"

Nyi Kanah, yaani Bi Kanah, alikuja anajifuta mikono, mwanamke wa miaka thelathini, mrefu, mkavu. Alisema hajawahi kushika bunduki. Ambu akamwambia hata yeye hakuwahi kushika mpaka mwezi uliopita, na ona sasa. Uhe alimwonyesha jinsi ya kuegemeza shavu. Alijaza mwenyewe, mara kumi, akashangaa.

"Ni rahisi hivi? Mume wangu huwa anatweta kama ng'ombe."

Risasi ya kwanza ilikosa. Ya pili ilimwangusha kindi kutoka kwenye kole la nazi la juu kabisa, akaanguka miguuni mwa Haji Sobandi, ambaye alikuwa bado anahangaika kufungua zipu ya mfuko wake. Makarai yote yaliachwa. Wanawake wote walikuja. Walipanga foleni pale chini ya minazi, mmoja anajaza, mmoja analenga, wengine wanaelekeza na kugombana.

"Kushoto! Kushoto kwako, si kwangu!"

"Mwache amalize kula, huyo ni mjamzito."

"Mjamzito gani, huyo dume!"

Sukari ya karai moja iliungua siku hiyo. Lakini mpaka saa tisa walikuwa na mikia kumi na tisa, na wanaume wote pamoja walikuwa na kumi na mitano. Ambu Rasih hakuigusa bunduki tena. Alikuwa amesimama katikati ameiweka mikono kiunoni, anawakemea wote kama mkuu wa jeshi, na sijui nani alikuwa na furaha kumshinda, labda Uhe, ambaye alikuwa amekaa juu ya gogo analia machozi na kujifanya ni moshi wa jikoni.

* * *

Barua ilikuja baada ya mwezi, imeandikwa na Nyi Kanah kwa niaba ya wenziwe. Walitaka bunduki kumi na nne, fupi, zinazosema tok. Mtaa mzima ulipata kazi. Mimi nilichonga vitako vifupi mpaka nikasahau virefu vinafananaje.

Na halafu wakaja wanaume. Walikuja mmoja mmoja, wakisimama kwanza barabarani kama wanaotafuta nyumba nyingine. Yule polisi wa kata alikuja bila sare.

"Naulizia ile ndogo," alisema. "Ni ya mke wangu."

"Mkeo ana mkono wa urefu gani?" Uhe akamwuliza.

Polisi akafikiri, akanyoosha mkono wake mwenyewe. "Kama huu."

Uhe aliupima, akaandika. Tarsih ndiye aliyelazimika kuingia ndani acheke. Mwaka uliofuata Tarsih aliacha jiko la tofu, akachukua kazi ya ngozi na kukutanisha uso wa valvu, kwa sababu sikio lake lilikuwa bora kuliko la mumewe na wote wawili walijua. Leo ana wanawake wanne anaowafundisha. Bunduki haitoki kwenye baraza ile mpaka aisikilize yeye, na akiirudisha hakuna rufaa.

Ambu Rasih alifanyiwa operesheni ya macho mjini, yote mawili. Siku alipofunguliwa bendeji alimtazama mkwewe kwa makini toka utosini hadi miguuni, akamwambia Tarsih, "Mbona hukuniambia ni mwembamba hivi?" Akarudi kwenye minazi yake, na hadi leo anapiga vibaya.

Uhe sasa ana mvi. Kila mwaka, mpunga ukishavunwa, hufunga karakana siku kumi akashuka kusini na kisanduku cha tupa na kopo la mafuta ya nazi, akapita nyumba kwa nyumba kuziangalia bunduki zake. Mwaka jana nilikwenda naye. Nyi Kanah alituletea ya kwake, imechubuka kila mahali, kitako changu kimekuwa cheusi kwa jasho na moshi wa sukari. Uhe aliketi chini ukumbini, akaifungua, akatoa ngozi, akainusa. Ilikuwa ile ile ya kwanza. Aliigeuzageuza kwenye mwanga, akanipa na mimi ninuse, akaanza kunieleza habari za yule mchinjaji na jinsi ngozi ya shingo inavyotofautiana na ya tumbo, na alikuwa amefika katikati Nyi Kanah alipotoka jikoni na sahani ya samaki wa kuchoma na sambal ya pilipili za kusaga.

"Mang Uhe," alisema, "maneno baadaye, bwana. Nirudishie hiyo upesi, kuna mmoja yuko juu ya mnazi wangu sasa hivi, namwona kutoka dirishani."

Uhe alipaka mafuta, akafunga skrubu, akaijaribu mara moja karibu na sikio, akampa. Kanah akatoka nayo mbio, nasi tukamvuta samaki karibu tukaanza kula.